Sawa au Shida: shajara ya mradi wa meseji kwa wagonjwa wa sukari na wanaowauguza

Wiki ya 1

Kliniki ya sukari na presha hapa Tanga ni siku mbili kwa wiki. Saa 12 asubuhi benchi limeshajaa. Watu hawajatia kitu tumboni tangu jana usiku, na kila mmoja ameshika daftari lake: daftari la shule lililovalishwa gazeti, pembe zimejikunja. Humo mna namba za sukari, namba za presha, dawa na tarehe ya kurudi. Likilowa mvua, historia ya mtu imekwenda na maji.

Nimeshinda na Sista, nesi wa kliniki, asubuhi nzima nikiangalia tu. Wazo nililokuja nalo ni jepesi: watu wanasahau dawa, basi simu iwakumbushe. Nina hakika nalo kwa sababu ya nyumbani. Bi Mkubwa wangu ana sukari mwaka wa tisa huu, na presha juu yake, na mimi ndiye ninayepiga simu kila usiku kuuliza, "Mama, umemeza?" Nataka mashine inisaidie kupiga hiyo kelele.

Wala si sisi peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, na presha ya juu kwa zaidi ya robo yao. Ukiigeuza hiyo iwe benchi, ni karibu mtu 1 katika kila 11 wa rika hilo.

Sista alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mdogo wangu. Tujaribu." Sikujua bado kwamba "sawa" ya Sista ina madaraja.

Wiki ya 2

Hatutengenezi aplikesheni. Nilizunguka benchini nikiomba kuona simu, na nyingi ni vitochi. Simu janja ipo, lakini iko mfukoni kwa mtoto, na mtoto yuko kazini, au yuko Dar. Tunatumia meseji za kawaida.

Nyuma yake tumeweka RapidPro, programu huria iliyotolewa na UNICEF mwaka 2014 ikiwa imejengwa na kampuni ya Nyaruka ya Kigali. Unachora mazungumzo kama mti: akijibu hivi nenda huku, akijibu vile nenda kule, akinyamaza msubiri. Nimeichagua kwa sababu Sista anaweza kuufungua mti akausoma mwenyewe bila mimi kumtafsiria.

Fomu za ridhaa zimenichukua siku tatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo mgonjwa lazima aridhie, na aelewe anaridhia nini. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Sista aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Andika kama unavyomwambia mama yako." Ikawa nusu ukurasa.

Wiki ya 4

Aibu.

Mzee wa Makorora alikuja kliniki na mkwewe, hata salamu ya kawaida hakutoa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shida, halafu akaitoa simu mfukoni kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. "Soma."

Meseji yetu. "Shikamoo Mzee. Ni wakati wa dawa yako ya asubuhi." Imeingia saa 8 za usiku. Na ya jana yake saa 8 za usiku. Na ya juzi.

Mkwewe ndiye aliyeeleza. Usiku wa kwanza simu ilipolia nyumba nzima ilikaa kitako, maana simu ya saa 8 usiku Waswahili tunaijua, huwa ni msiba. Mkewe mzee alishaanza kutafuta kanga. Ndipo mtoto wa darasa la sita akaitwa asome, akasoma kwa sauti habari za kidonge.

Kosa nimelipata jioni hiyohiyo, na si la Sista ingawa ndiye aliyeandika. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku "Saa ya dawa". Sista aliandika 2:00, yaani saa 2 asubuhi, kama anavyosema kila mtu kuanzia hapa hadi Bukoba. Kompyuta ikaisoma kizungu: saa mbili baada ya usiku wa manane wao, ambayo ni saa 8 ya usiku wetu. Mimi ni Mswahili niliyetengeneza fomu ya Kiswahili, nikasahau kwamba saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza.

Sasa hakuna kisanduku cha kujaza. Kuna vitufe vinne: asubuhi kabla ya chai, mchana, jioni, kabla ya kulala. Tafsiri ya saa inafanywa chini kwa chini. Kwa mzee nimekwenda mwenyewe nyumbani na kilo moja ya tende kuomba radhi. Alinikaribisha kahawa. Tende alikataa, akasema, "Wewe unanijua nina nini, halafu unaniletea hizi?"

Sina la kusema.

Wiki ya 5

Salio la meseji limeisha siku tisa kabla ya wakati. Nikadhani tunaibiwa.

Tulichokutana nacho ni alama moja. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, na ikizidi inakatwa vipande vya herufi 153. Lakini ikiingia ndani yake hata alama moja isiyomo kwenye orodha ya zamani ya simu, meseji nzima inabadilisha mfumo na kubeba herufi 70 tu, vipande vyake 67. Sista alikuwa ameandika ushauri mzuri kwenye kompyuta ya ofisi: "Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari kwamba una sukari." Kompyuta ikaipindisha ile koma ya juu kwenye "kung'oa" ili ipendeze. Meseji nzima, sentensi hiyo ikiwa ndani yake, ilikuwa na herufi 150 hivi, tukalipa meseji tatu badala ya moja, kwa kila mtu, wiki nzima.

Nimeweka mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta unaozinyoosha koma zote kabla ya kutuma. Ng'ombe, ng'ambo, kung'oa: lugha yetu ina herufi inayogharimu.

Wiki ya 7

Tumeanza kuandikisha wanaowauguza. Kila mgonjwa anaombwa ataje mtu mmoja wa nyumbani, naye apate meseji zake.

Mgogoro wa kwanza ulikuwa jina. Kwenye fomu niliandika "mlezi". Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akaweka kalamu chini. "Mlezi analea mtoto. Huyu niliyemzaa mimi ndiye mlezi wangu?" Nikajaribu "mwangalizi", Sista akasema hiyo ni ya nyumba na mashamba. "Muuguzi" ni yeye mwenyewe Sista. "Msimamizi wa dawa" watu wa TB wanaitumia, na benchi lilivyoisikia likanong'ona. Mwisho tukaacha kutafuta nomino. Fomu sasa inauliza: "Nani anakuuguza nyumbani?" Kila mtu anajibu papo hapo, bila kufikiri.

Na majibu hayakuwa niliyoyategemea. Nilidhani nitapata wake na waume. Nikapata binti wa mwisho, mkwe, mpangaji wa chumba cha uani, mjukuu wa miaka 15. Bibi mmoja alimtaja mwanamke anayeuza maandazi jirani, kwa sababu ndiye anayemwona kila siku alfajiri, na asipomwona anagonga mlango. Mwanawe yupo, mtu mzima na kazi yake. Bibi alisema tu, "Huyo hutuma hela."

Wiki ya 9

Wiki hii ndiyo iliyonifanya nikose usingizi, kwa hiyo naiandika yote.

Tulifungua mlango wa namba: mwenye mashine ya kupimia sukari nyumbani apime, atume namba, mfumo umjibu. Ikiwa chini ya 4, anaambiwa akoroge vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji anywe, apime tena baada ya dakika 15, na anayemuuguza anapata taarifa hapohapo. Ikizidi 20, anaambiwa aende hospitali.

Jumatatu usiku mama mmoja wa Chumbageni alituma 98. Mfumo ukaona 98 ni zaidi ya 20, ukamwambia aende hospitali bila kuchelewa. Akapakiwa bodaboda na shuka begani, mwanawe nyuma ya bodaboda nyingine. Hospitali wakampima: 5.4. Mzima kabisa. Mashine yake imetoka Marekani, aliletewa na binti yake, na mashine za kule zinasoma miligramu kwa desilita. Hapa tunatumia milimoli kwa lita. Ukitaka kutoka ya kwao kuja yetu unagawa kwa 18, na 98 ukiigawa kwa 18 unapata 5.4 ileile. Yule mama hakukosea, wala mashine yake haikukosea.

Dawa ya haraka ingekuwa kuiambia kompyuta: namba kubwa ni za Kimarekani, zigawe. Karibu nifanye hivyo. Lakini kuna eneo la hatari katikati. Ukipata 25, kwa kipimo chetu ni sukari iliyopanda vibaya sana, kwa kipimo chao ni sukari iliyoshuka kiasi cha mtu kuzimia. Namba ni moja, na tiba za hali hizo mbili zinapingana. Kuanzia 20 hadi 34 mfumo haukisii tena. Unamwambia anayemuuguza amtazame mgonjwa sasa hivi, na unaipigisha simu ya kliniki, mtu aongee na mtu. Na kila mashine sasa tunaiona kwa macho siku ya kuandikisha.

Alhamisi ikaja mbaya zaidi.

Baba mmoja wa Pongwe alituma herufi mbili: HI. Mfumo ukamjibu kwa bashasha: "Hujambo! Karibu. Kujiandikisha, tuma 1." Akatuma tena: HI. Ukamkaribisha tena. Mara ya tatu.

Wanaotumia hizi mashine wanajua. Sukari ikipita 33.3, ambacho ndicho kikomo cha mashine nyingi, kioo hakiandiki namba tena, kinaandika HI, yaani juu. Ikishuka mno kinaandika LO. Yule baba alinakili alichokiona, akakituma, na sisi tukamwamkia mara tatu.

Mkewe alikuwa na akili kuliko mfumo wetu. Alimwona anavyokwenda msalani kila baada ya muda mfupi na pumzi zinavyobadilika, akamwita jirani mwenye bajaji. Alilazwa siku nne, akatoka. Nimekaa naye. Hana kinyongo, anacheka: "Nikasema hawa watu leo wana adabu sana."

Mimi sijacheka. Neno HI lilikuwemo kwenye orodha ya maneno ya kujiunga kwa sababu liliingia na mfano wa Kiingereza nilioukopi siku ya kwanza, nikaliacha, nikidhani halimdhuru mtu. Nimelifuta. HI na LO sasa zinaamsha kengele zote tulizonazo. Tumepitia pia kila neno jingine kwenye orodha, Sista na mimi, mpaka saa 4 usiku, tukiuliza kila moja: mgonjwa anaweza kulituma hili akimaanisha nini?

Wiki ya 11

Kimya. Wanaojibu wanapungua kila wiki. Zile kumbusho za kila siku zinafika, ripoti ya mtandao inasema zimefika, lakini nilipokaa benchini nikaona watu wanavyozisoma: kidole kinafungua, kinafuta, macho hayajashuka hata mstari wa pili. Kama tangazo la bahati nasibu.

Hata Bi Mkubwa. Nilimuuliza meseji ya asubuhi inasema nini. "Inasema dawa." Inasema dawa gani? "Mwanangu, mimi dawa nazijua kabla hujazaliwa." Si kweli, lakini nimeelewa.

Nikaamua kusoma walichofanya wenzetu. Majibu mazuri zaidi yametoka Kenya, na ni ya wagonjwa wa VVU, si wa sukari, lakini kazi ni ileile: dawa kila siku, maisha yote. Chulaimbo, Kenya ya magharibi, walilinganisha meseji za kila siku na za kila wiki kwa wiki 48, matokeo yakatoka 2011. Waliopata kila wiki, asilimia 53 walifikia kumeza angalau asilimia 90 ya dawa zao, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata kitu. Waliopata kila siku hawakuwa na tofauti na wasiopata. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaenda kutembea Raskazone.

Utafiti wa WelTel ulichapishwa 2010 kwenye The Lancet, watu 538 kwenye kliniki tatu za Kenya. Wao hawakumkumbusha mtu dawa. Mara moja kwa wiki nesi alituma neno moja: "Mambo?" Mgonjwa ana saa 48 za kujibu: "Sawa" au "Shida". Anayejibu shida anapigiwa simu. Anayenyamaza anapigiwa pia. Wanaomeza dawa ipasavyo wakawa asilimia 62, na upande usiopata meseji asilimia 50.

Nilimpelekea Sista habari hii kama mtu aliyegundua bara. Akasema, "Siku ya kwanza nilikwambia tujaribu."

Ndiyo. "Sawa" yake ya siku ile ilikuwa ya daraja la tatu.

Wiki ya 12

Tumezima kumbusho zote za kila siku, isipokuwa kwa watatu walioomba wenyewe zibaki.

Meseji mpya inakwenda Jumatano asubuhi. "Mambo?" haifai kwa wazee wetu, mtu wa miaka 70 humwambii mambo. Tumejaribu matoleo sita. Lililobaki: "Shikamoo. Ni Sista wa kliniki. Wiki hii unaendeleaje? Jibu SAWA au SHIDA." Waliomzidi Sista umri wanapata shikamoo, wengine wanapata habari za asubuhi. Ndiyo, nimeandika msimbo wa kuchagua salamu kwa kulinganisha umri. Ndio msimbo pekee wa mradi huu ambao Bi Mkubwa ameusifu.

Wapo wasio na salio hata la meseji moja. Kwa hao tumefanya wanachofanya siku zote: bipu. Ukibipu namba ya kliniki mfumo unaandika SHIDA mbele ya jina lako, na Sista anakupigia. Haikunichukua hata saa moja kuiweka, na imeleta watu wengi kuliko mti wote niliouchora miezi miwili.

Wiki ya 13

Ramadhani inakaribia na nusu ya benchi watafunga, daktari akipenda asipende. Daktari wa kliniki ameamua kuongea na mmoja mmoja kabla ya mwezi kuandama: nani asifunge kabisa, nani abadilishiwe dozi, nani ahamishe kidonge kwenda futari na daku. Mfumo unafuata tu alichoandika daktari, haupangi kitu.

Tumeongeza meseji mbili. Moja inasema kujichoma kidole kupima sukari hakufunguzi saumu. Hii tuliipeleka kwanza kwa shehe wa msikiti wa jirani, akaipitisha na kuahidi kuisema mwenyewe baada ya tarawehe. Ya pili inasema sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, fungua, usingoje magharibi. Hiyo ni kwa mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari.

Wiki ya 15

Mama wa Chumbageni, yule wa 98, amekuja bila daftari na bila mwanawe. Alitaka kuongea na mimi, si Sista. Tulikaa chini ya mwarobaini.

"Mtoto wangu, hii simu yenu imeniharibia nyumba." Kila namba aliyotuma, nakala ilikwenda kwa mwanawe anayemuuguza. Namba ikiwa 12, kijana anapiga simu kutoka kazini: umekula nini? Jioni anafungua kabati. Anahesabu vitumbua. "Nimekuwa mwizi kwangu mwenyewe. Nimemzaa, nimemsomesha, sasa ni askari wangu wa sukari." Kwa hiyo amefanya ambalo ningefanya hata mimi: anatuma namba za uongo. Wiki tatu mfululizo sukari yake kwenye mfumo ni 6, 6.2, 6. Nilikuwa nimezionyesha grafu hizo kwenye kikao kama mfano wa mafanikio.

Tumebadilisha. Anayemuuguza haoni namba tena, ila zile za hatari: chini ya 4, HI, LO, na lile eneo lisilokisiwa. Zaidi ya hapo mgonjwa mwenyewe anachagua cha kuonyesha, na anaweza kukibadilisha wiki yoyote bila kueleza sababu. Baadhi ya vijana wamelalamika. Mmoja ameniambia tunawaficha ukweli wa wazazi wao. Nimemsikia, na kwa mama yangu ningependa kuona kila kitu. Lakini wa mama yangu ndio huo mwaka wa tisa, na mpaka leo sijui anakula nini Jumapili.

Wiki ya 18

Sista kapendekeza jambo ambalo halimo kwenye andiko la mradi. Tunawauliza wagonjwa wanaendeleaje, na hatujawahi kuwauliza wanaowauguza. Tumetuma Jumamosi asubuhi: "Habari. Ni Sista wa kliniki. Leo siulizi habari za mgonjwa. Wewe mwenyewe, je? Jibu SAWA au SHIDA."

Tulitegemea SAWA nyingi za adabu. SHIDA zilianza kuingia kabla sijamaliza chai.

Tumepiga simu siku mbili, kwa zamu. Naandika baadhi tu. Mkwe wa Makorora: hajalala usiku mzima tangu baba mkwe aanze insulini, anaamka saa 9 kumgusa kama ana jasho baridi. Mjukuu wa miaka 15: anachelewa shule siku za kliniki, mwalimu anamchapa, nyumbani hajasema. Binti mmoja aliacha kazi ya hoteli kumuuguza mama na kaka zake wanamtumia hela ya mama, "na mimi ni kama sili". Kijana anayehesabu vitumbua, naye: baba yake alikatwa mguu kwa sukari, akafariki mwaka uleule. Anaogopa. Alisema hivyo tu, kisha akauliza kama mama yake anaweza kujua kwamba amejibu shida. Nikamwambia hawezi.

Yule mama muuza maandazi hakujibu. Sista alimpigia. Akasema hana shida yoyote, ila simu imejaa unga.

Wiki ya 20

Sehemu kubwa ya SHIDA hazihusu kusahau. Sista amezipanga kwenye karatasi kwa mkono: vijiti vya kupimia vimeisha, dawa haikuwepo dirishani, nauli kutoka Muheza, umeme umekatika na insulini iko kwenye friji. Kusahau dawa kuko mstari wa mwisho, na aliyeandikwa hapo ni mmoja.

Hili la insulini tumeweza kulishika kidogo. Chupa iliyofunguliwa hukaa takriban wiki 4 nje ya friji kama haipati joto kali, na joto la Tanga si la kuchezea. Mtungi wa udongo uliolowa, uliowekwa kivulini penye upepo, unashusha joto la ndani. Bibi zetu walilijua kwa maji ya kunywa. Tumeandika maelekezo yake kwa meseji mbili fupi, na mwanamke wa Pongwe, mke wa baba wa HI, ndiye anayewaonyesha watu kliniki siku za Alhamisi, na mtungi wake mwenyewe.

Nauli na vijiti hatuna meseji yake. Nimeandika barua kwa wanaotufadhili nikiomba sehemu ya fedha za "maboresho ya programu" ihamie kwenye vijiti. Bado hawajajibu.

Jambo jingine la wiki hii. Jumatano tulimuuliza mtu anaendeleaje, na alikuwa amezikwa Jumatatu. Mwanawe alijibu kwa simu ya marehemu: "Shida imeisha Sista." Mfumo ulisoma neno la kwanza ukaweka alama nyekundu, Sista akapiga kama kawaida, akaikuta khitma. Tumeongeza kisanduku cha "marehemu" na tukaunganisha simu mbili kwa pamoja, ya mgonjwa na ya anayemuuguza, zisimame zote siku hiyohiyo. Sista amekataa hilo la pili. Anataka ya aliyemuuguza iendelee siku arobaini, Jumamosi hadi Jumamosi. Nimeiweka anavyotaka.

Wiki ya 23

Sista amepata uhamisho. Barua imekuja Ijumaa, anatakiwa kituo kipya baada ya siku kumi na nne.

Siku nzima nimekuwa nikiandika makabidhiano, na kadiri ninavyoandika ndivyo yanavyokuwa mafupi. Jinsi ya kuwasha, jinsi ya kuzima, namba za hatari, kurasa mbili. Yaliyobaki yako kichwani kwa Sista: kwamba mwalimu mstaafu akijibu SAWA kwa herufi ndogo ana jambo; kwamba yule bibi usimpigie kabla ya saa 3 asubuhi kwa kuwa simu iko kwa muuza maandazi; kwamba mama wa Chumbageni sasa anatuma namba za kweli, na ya juzi ilikuwa 13.1, na usimwambie lolote kwa simu, mngoje aje. Nimemwomba ayaseme nikiandika. Tumefika ukurasa wa kumi na moja na bado hatujamaliza watu wa Jumanne.

Nesi anayempokea alikuja leo. Kijana, mchangamfu, amesoma kurasa zote mbili akiwa amesimama, kama Sista alivyosoma ile fomu yangu. Nilikuwa tayari kwa maswali ya mti, ya koma, ya HI. Ameshika simu ya kliniki, akaigeuza nyuma akaitazama, akauliza, "Nikiwapigia hao wa bipu, vocha anaweka nani?"

Mpaka wiki hii vocha alikuwa akiweka Sista, mfukoni mwake. Nimeandika mstari wa vocha kwenye bajeti ya robo ijayo, na leo jioni nimeweka ya kwangu.